Jina Wenceslaus: Asili Yake, Maana Yake, na Fundisho Lake Kwetu
Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu na walimu wa Gitting



Katika mwaka wa jubilei ni desturi kuhesabu vitu: makanisa yaliyojengwa, mashule yaliyofunguliwa, watu waliobatizwa. Hesabu hiyo ni njema, nasi hatuikatai. Lakini katika vitabu vya ubatizo, kabla ya tarehe na kabla ya namba, limeandikwa jina. Jina ndilo kitu cha kwanza mtoto anachopewa na watu, hajaweza hata kushukuru. Tena ndilo kitu cha mwisho kinachobaki juu yake, maana huandikwa msalabani penye kaburi lake.

Twajua jinsi mambo yalivyo kwetu. Mzazi wa Kiiraqw akiulizwa kwa nini mwanawe aitwa Tluway, hujibu mara moja: tluway ni mvua, basi jina lakumbusha mvua. Mzazi huyohuyo akiulizwa maana ya jina la ubatizo la mtoto, mara nyingi hunyamaza, au husema, “Ni jina la dini.” Na katika jibu hilo mna hatari. Kwani mtoto asikiaye hivyo hufikiri kwamba jina la nyumbani ni la dunia tu, na jina la kigeni ndilo takatifu. Tena hufikiri kwamba majina ya kigeni yaliteremka kutoka mbinguni, hayakuzaliwa katika kijiji cho chote. Basi leo tumechukua jina moja la kigeni, lililo adimu hata katika nchi yetu yenye majina mengi, tulichunguze toka mizizi yake. Jina lenyewe ni Wenceslaus.

Kwanza tutazame lilikotoka. Katika Ulaya ya mashariki na ya kati wako watu waitwao Waslavi. Hao ni mataifa mengi: Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waslovaki, Waserbia, Wakroatia, Wabulgaria na wengineo. Lugha zao ni ndugu, kama vile lugha nyingi za Kibantu zilivyo ndugu. Hapo kale, kabla hawajasikia Injili, Waslavi walikuwa na desturi ya kuunda majina kwa kuunganisha maneno mawili. Jambo hili si geni kwetu tukaao chini ya Mlima Hanang. Jirani zetu Wadatoga nao huunda majina kwa sehemu: jina la mwanamume huanza mara nyingi kwa Gida, na la mwanamke kwa Uda, kisha hufuata neno jingine. Asikiaye mwanzo wa jina hutambua mara moja ni mwanamume au ni mwanamke aitwaye.

Katika majina ya Kislavi neno moja lapatikana mara nyingi sana mwishoni, nalo ni slav. Latoka katika neno slava, yaani utukufu au sifa. Stanislav ni kusimama na utukufu. Vladislav, ambalo kwa Kilatini limekuwa Ladislaus, ni kutawala na utukufu. Na jina letu la leo nalo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza katika lugha yao ya kale ilikuwa na maana ya “zaidi” au “kubwa zaidi”. Sehemu ya pili ni utukufu. Basi Wenceslaus maana yake ni “mwenye utukufu zaidi.”

Msishangae mkiliona jina hilo katika sura nyingi. Wacheki wenyewe, kwa kulitamka miaka mia nyingi, wamelifupisha, wasema Václav. Wapolandi wasema Wacław. Warusi wasema Vyacheslav. Wajerumani wamelifanya Wenzel. Walioandika kwa Kilatini waliandika Wenceslaus, na kwa kuwa Kilatini kilikuwa lugha ya vitabu vya Kanisa, sura hiyo ndiyo iliyofika kwetu pamoja na kalenda ya watakatifu. Ni kama mto: ukitazama maji yaliyo bondeni hujui yametoka katika chemchemi gani, mpaka upande mlimani.

Tena kuna jambo zuri ndani ya neno slava. Wenye elimu ya lugha wameonyesha kwamba shina lake la kale kabisa ni shina la kusikia. Basi utukufu, kwa fikira za Waslavi wa kale, ni habari ya mtu iliyosikika. Ni yale yasemwayo juu yake mahali asipokuwapo. Na fikira hiyo si ya Ulaya peke yake. Wahaya wa Bukoba wana kitenzi kugamba, yaani kusema. Na jina Rugambwa ni yule anayesemwa, anayetajwa na watu. Laurean Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika, aliyepewa cheo hicho mwaka 1960, alikuwa na jina la Kihaya ambalo maana yake ni karibu sana na maana ya majina ya wafalme wa Kislavi. Watu wa ziwani na watu wa misitu ya Ulaya hawakuonana, wala hawakuulizana. Bali wote walitazama mtu na jina lake, wakafikiri namna moja. Na Waswahili nao wana methali yao: Jina jema hung'ara gizani.

Sasa angalieni neno lililo kubwa katika habari hii. Majina hayo ya Kislavi hayakuwa ya Kikristu hapo mwanzo. Hayamo katika Biblia. Hayakutoka kwa mitume. Yalikuwa majina ya nyumbani, ya wapagani, waliowatakia watoto wao sifa na nguvu, kama wazee wetu walivyowatakia wetu mvua na uzima. Katika mwaka 863 ndugu wawili, Cyril na Methodius, walifika kwa Waslavi wa Moravia. Cyril alitengeneza alfabeti kwa ajili ya lugha yao, na ndugu hao wakafasiri maandiko ya ibada na ya Injili, ili watu wasali kwa maneno waliyoyafahamu. Mapokeo yasema kwamba Methodius ndiye aliyembatiza Bořivoj, mtawala wa Bohemia, pamoja na mkewe Ludmila. Wakabatizwa, lakini hawakuacha majina yao. Bořivoj alibaki Bořivoj. Ludmila alibaki Ludmila, na jina lake ni zuri: maana yake ni “apendwaye na watu.”

Bibi huyo Ludmila ndiye nyanya wa Wenceslaus. Naye yafaa akumbukwe hasa na walimu. Mwanawe Vratislav alipokuwa akitawala, mjukuu Wenceslaus alikabidhiwa kwa nyanya yake, naye akamlea katika dini na kumpatia elimu ya kusoma. Mwaka 921 Vratislav alikufa, na kijana alikuwa na umri wa miaka kama 14 tu. Utawala ukashikwa na mama yake, Drahomíra. Ukaingia ugomvi juu ya nani amlee kijana na nani ashike nguvu. Tarehe 15 Septemba mwaka huohuo Ludmila aliuawa pale Tetín kwa kunyongwa. Masimulizi ya kale yasema kwamba waliomnyonga walitumwa na Drahomíra. Sasa sikilizeni maana ya jina la Drahomíra: sehemu yake ya kwanza ni kitu cha thamani, kinachopendwa, ya pili ni amani. Jina lake lilitaja amani, na nyumba yake ilijaa damu.

Wenceslaus alipokuwa mtu mzima alishika utawala mwenyewe. Watu wengi humwita mfalme, lakini wakati wa uhai wake hakuwa mfalme. Alikuwa mtawala mwenye cheo kilicho chini ya ufalme. Alianza kujenga kanisa la Mtakatifu Vitus pale Prague. Mwaka 929 mfalme Heinrich wa Ujerumani alifika Prague na jeshi, na Wenceslaus alipatana naye kwa kukubali kutoa kodi. Wengine katika nchi hawakupendezwa.

Wenceslaus alikuwa na ndugu, mdogo wake, tumbo moja, jina lake Boleslav. Hapa twawaomba mtege masikio. Bole katika lugha yao ni “zaidi,” “kubwa zaidi”. Slav ni utukufu. Basi Boleslav maana yake ni “mwenye utukufu zaidi.” Ni maana ileile! Baba mmoja, mama mmoja, na majina mawili yenye maana moja. Kama jina peke yake lingeweza kumfanya mtu, ndugu hawa wangefanana kama maji na maji.

Boleslav alimwalika kaka yake kwenye mji wake, kwa sikukuu ya Watakatifu Cosmas na Damian. Wenceslaus akaenda, akala, akalala. Asubuhi yake, tarehe 28 Septemba, alipokuwa akienda kanisani kusali, mdogo wake alimshambulia, na watu wa mdogo wake wakamwua penye mlango wa kanisa. Mwaka wa kifo hicho huandikwa 935, ingawa waandishi wengine huuweka 929. Ndivyo utukufu ulivyomwua utukufu. Mmoja aliutafuta kwa upanga, akatawala miaka mingi baadaye. Mwingine aliupata pale alipoanguka, naye ndiye ambaye jina lake huitwa hata leo katika nchi ambazo hakupata kuzisikia.

Je, twaona nini hapa? Twaona kwamba jina lina maana mbili. Maana ya kwanza iko katika lugha. Hiyo huipata mwenye kusoma vitabu vya maneno. Maana ya pili huingizwa ndani ya jina na mtu alichukuaye, kwa maisha yake; hiyo haimo katika kitabu cha maneno. Kwa maana ya kwanza Wenceslaus na Boleslav ni sawasawa. Kwa maana ya pili wako mbali kama mashariki na magharibi. Yuko hata mtakatifu mwingine wa Kislavi, Casimir, mwana wa mfalme wa Polandi, aliyezaliwa mwaka 1458 na kufa mwaka 1484. Jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, wataalamu wengi husema ni “mharibu amani”. Lakini Kanisa humkumbuka kila tarehe 4 Machi kama kijana mpole na mwenye sala. Jina halikumharibu yeye. Yeye ndiye aliyelitengeneza jina.

Wala tusimfunge Boleslav katika ubaya wake kana kwamba Mungu hakuweza kupita nyumbani mwake. Masimulizi ya zamani yasema kwamba baada ya miaka mitatu yeye mwenyewe aliagiza mwili wa kaka yake upelekwe Prague, katika kanisa lile la Mtakatifu Vitus. Binti yake Mlada akawa mama mkuu wa kwanza wa watawa wa Mtakatifu Georgi huko Prague. Na binti yake mwingine, Doubravka, aliolewa mwaka 965 na Mieszko, mtawala wa Wapolandi. Mwaka uliofuata, 966, Mieszko akabatizwa, na huo ndio mwaka Wapolandi wauhesabuo kuwa mwanzo wa Ukristu wao. Nao Wacheki hulishika jina la Wenceslaus kama jina la msimamizi wa nchi yao. Tangu mwaka 2000 siku ya 28 Septemba ni sikukuu ya taifa zima kwao.

Labda mtu atasema, “Hayo ni ya mbali, yatuhusu nini?” Si mbali kama tunavyodhani. Wakati wa Vita Kuu ya pili Wapolandi wengi walitolewa kwao kwa nguvu na serikali ya Kisovieti, wakapelekwa nchi za baridi kali. Waliporuhusiwa kutoka, walipita Uajemi, na tangu mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, walifika Afrika ya Mashariki. Kambi yao kubwa katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokuwa na watu kama 5,000. Kambi nyingine ilikuwa Kondoa, upande wetu wa kusini. Basi nchi yetu, iliyo kati ya Arusha na Kondoa, ilizungukwa na watu wenye majina ya Kislavi: majina ya amani na ya utukufu, yakichukuliwa na watu waliopoteza amani na kila kitu. Makaburi yao yako Tengeru hata leo. Mkimbizi aliyenyang'anywa nyumba, shamba na nchi hakubakiwa na mali, ila alibaki na jina lake, nalo halikuweza kunyang'anywa.

Sasa turudi kwetu. Kama majina ya nyumbani ya Waslavi yameweza kuwa majina ya kubatizia watoto duniani kote, je, majina ya Waafrika hayawezi? Yameweza tayari. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo katika Buganda, kijana Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14, alichomwa moto pamoja na wenzake kwa ajili ya imani. Siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amebatizwa na Karoli Lwanga. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wafiadini 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Kizito ni jina la Kiganda. Lwanga ni jina la Kiganda. Lakini leo watoto wa Kiiraqw, wa Kichaga, wa Kinyaturu na wa Kihaya hubatizwa Kizito na Lwanga, wala hapana mtu aulizaye kama hilo ni jina la Kikristu. Jambo lililowapata Wacheki katika karne ya 10 limewapata Waganda katika karne ya 19. Haikuwa kazi ya lugha. Ilikuwa kazi ya watu.

Na sheria ya Kanisa nayo yafaa ijulikane, maana wengi husema juu yake bila kuisoma. Katika mkusanyo wa mwaka 1917, kanuni ya 761, paroko aliagizwa aangalie mtoto apewe jina la Kikristu. Kama hakuweza kuwashawishi wazazi, aliongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolichagua, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Hata wakati ule jina la wazazi halikufutwa. Katika mkusanyo wa mwaka 1983, kanuni ya 855, yaagizwa tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa fikira za Kikristu. Je, mvua ni ngeni kwa fikira za Kikristu? Je, safari ni ngeni? Na jimbo letu la Mbulu limepata mfano mkubwa. Askofu aliyewekwa mwaka 1971 aliitwa Nicodemus Atle Hhando. Nicodemus ni jina la mtu aliyemjia Bwana usiku. Atle na Hhando ni majina ya kwetu. Hayakupigana. Yaliandikwa pamoja, yakavikwa kofia moja.

Haya yote tumeyasema ili tuwaombe mambo matatu.

La kwanza ni kwa wazazi. Mkichagua jina la mtakatifu kwa mtoto, msilichague kwa utamu wa sauti tu, wala kwa sababu jirani hana kama hilo. Ulizeni: alikuwa nani? Alifanya nini? Waswahili humwita “somo” mtu wenye jina moja naye. Na neno hilohilo ni somo la shuleni. Mtoto apewe somo wake, na apewe pia somo lake. Mkimbatiza Wenceslaus, basi kila tarehe 28 Septemba asimuliwe habari ya nyanya aliyefundisha, na ya ndugu wawili wenye jina la maana moja.

La pili ni kwa walimu. Mtoto akija shuleni na jina la Kiiraqw au la Kidatoga, msilifupishe kwa kuwa ni gumu kuandika, wala msilicheke mbele ya wenzake. Waandishi wa Kilatini walitaabika na sauti za Kislavi, wakaandika hivi na hivi, lakini walitaabika, hawakulitupa jina. Herufi moja iliyoachwa katika daftari hufuata mtoto mpaka katika cheti, na kutoka cheti mpaka katika urithi wa shamba. Na yule anayecheka jina la mtoto amecheka pia mvua, au mlima, au babu aliyelichukua kabla yake.

La tatu ni kwetu sote tuliokwisha kubatizwa. Boleslav alikuwa na jina zuri. Drahomíra alikuwa na jina zuri. Hayakuwaponya. Majina tuliyonayo, ya kigeni na ya nyumbani, bado yanangoja maana yao ya pili, nayo haiandikwi na padri siku ya ubatizo wala na karani wa serikali. Yaandikwa kidogo kidogo: katika mpaka wa shamba tusiousogeza, katika ndugu tunayekaa naye kwa amani, katika neno tulilotoa na kulitimiza.

Miaka mingi toka leo, mtu atafungua kitabu cha ubatizo cha Gitting na kusoma majina ya watu asiowajua. Maana ya kwanza ataipata kwa kuuliza wazee. Maana ya pili ataisikia tu kama ipo ya kusikika. Mungu atujalie iwepo.